Paneli Nne Mbele, Nne Nyuma

OFISI YA UMEME, DAWATI LA MITA
4 Machi

Ndugu Mteja,

YAH: PANELI ZA SOLA JUU YA NYUMBA ULIYOINUNUA

Ulipofika dirishani kwetu ulidai kwamba paneli nane zilizo juu ya paa la nyumba yako ni zako. Kumbukumbu zetu zinasema vingine. Paneli hizo, pamoja na betri na mita yake, bado ni mali ya bwana na bibi waliokuuzia nyumba, ambao tunaarifiwa wamekwisha kuachana. Mkataba wa mauzo uliotuletea unataja nyumba, kiwanja, geti, tangi la maji na hata kamba ya kuanikia nguo. Paneli haukuzitaja popote.

Ili tubadilishe jina tunahitaji barua moja, yenye tarehe, iliyosainiwa na wote wawili kwenye ukurasa mmoja, ikisema wazi kwamba paneli si zao tena bali ni zako. Barua mbili, kila mmoja na yake, hatuzipokei. Tuliwahi kupokea barua mbili kutoka kwao, zikapingana katika kila kitu isipokuwa anwani.

Usipoileta kabla ya tarehe 30 Aprili, fundi wetu atakuja kuzitenganisha paneli na nyumba.

Mawasiliano yote yawe kwa maandishi. Ukija dirishani utaambiwa ukaandike.

Afisa wa Dawati la Mita


7 Machi

Dada Mkunga,

Hujambo dada? Mimi ni yule bwana mwenye upara aliyenunua nyumba yenu. Nilikupigia simu mara mbili. Mara ya kwanza ukaniuliza uchungu umeanza saa ngapi, mara ya pili ukaniambia nisisukume bado, ukakata. Kwa hiyo naandika.

Nakuwekea nakala ya barua ya Ofisi ya Umeme. Ukiisoma utajiuliza ni mjinga gani aliyenunua nyumba yenye paneli nane juu na asiziandike kwenye mkataba. Ni mimi. Na hapo ujue kazi yangu ni kusahihisha maandishi gazetini. Mkataba ule niliupitia mara tatu kwa kalamu nyekundu, nikaongeza mkato sehemu mbili, nikamfundisha wakili tofauti ya nukta na nukta-mkato, kisha nikasaini kwa furaha. Paneli zilikuwa juu ya kichwa changu wakati wote huo. Sikuinua macho.

Ningeweza kuishi bila hizo paneli, dada, lakini mke wangu hawezi. Ana mashine ya kutotolesha vifaranga kwenye kile chumba cha nyuma chenye dirisha linalogoma kufungwa. Trei zimejaa mayai ya watu. Umeme wa mtaani unakatika kama unavyojua mwenyewe, na mayai yakipoa basi tena. Ni kazi yake, ameijenga kutoka kuku wawili na boksi la taa moja. Akizipoteza hizo paneli, sijui nitaishi wapi, lakini si humo ndani.

Naomba basi wewe na Kaka Dereva msaini karatasi moja. Yeye nimempelekea barua kama hii.

Wako,
Mnunuzi wa nyumba


11 Machi

Mdogo wangu,

Simu yangu ni ya wajawazito. Wewe huna mimba, umefanya vyema kuandika.

Kusaini nitasaini, lakini si karibu na jina la yule mzee wa malori. Ngoja nikueleze, maana najua yeye atakueleza vingine.

Paneli zilipokuja nilisema ziwekwe zote nyuma, kwenye jua. Yeye akasema ziwekwe mbele, barabarani, watu wapite waone. Tukagombana wiki nzima mpaka fundi akachoka, akaweka nne mbele na nne nyuma, akaondoka bila kuaga. Za mbele hazikuwahi kupanguswa hata siku moja, maana mwenyewe kazi yake ilikuwa kuzionyesha. Za nyuma nilikuwa napanda kuzisafisha mimi.

Siku moja nipo juu na kitambaa na ndoo. Yeye anapita, anaona ngazi imeegemea ukuta, anaibeba, anaifunga juu ya lori, anampelekea rafiki yake aliyetaka kukata matawi. Akalala huko huko. Mdogo wangu, niliachwa juu ya bati! Na kama haitoshi akaletwa mama mwenye uchungu getini. Nikamzalisha kwa kupiga kelele kutoka juu ya paa, mikono ikiwa ya jirani muuza mkaa, ambaye mpaka leo akiniona anatetemeka. Mtoto mzima, mama mzima. Mimi nikashushwa jioni na watu wa zimamoto.

Unajua aliporudi alisema nini? “Kumbe ulikuwa unaihitaji?”

Hakusema pole mpaka leo. Mwambie akisema pole kwa habari ya ngazi, nitasaini. Neno lenyewe hajui hata linavyoandikwa. Msaidie.

Mkunga


12 Machi

Bwana Mnunuzi,

Nimeipata barua. Ndefu mno. Mimi nimeendesha malori miaka yote, vibao vya barabarani vina neno moja na watu wanaelewa.

Mwambie yule mama hivi. Moja, jina langu likae juu na lake chini. Mbili, paneli za mbele ndizo zilizokuwa zinafanya kazi, za nyuma zilikuwa za njiwa kupumzikia. Tatu, asinianzishie habari za ngazi. Ngazi ni yangu, niliinunua mimi, nilikwenda nayo nilikotaka. Nne, nimehamia mji mwingine kabisa na kelele zake bado nazisikia.

Akiyakubali hayo, lete karatasi.

Dereva (mstaafu)


15 Machi

Dada Mkunga,

Kaka Dereva amejibu haraka kuliko nilivyotegemea. Anakusalimu kwa moyo mkunjufu. Maneno yake, nayaweka kama yalivyo: “Tafadhali naomba jambo hili tulimalize kwa heshima. Jina lake linaweza kukaa popote apendapo.” Paneli za nyuma ameziulizia kwa namna yake. Inaonekana anazikumbuka pamoja na ndege wake. Na sauti yako pia anasema hajaisahau, ingawa amehamia mbali.

Nisaidie dada. Mke wangu ameweka kalenda ukutani karibu na mashine na kila asubuhi ananitazama mimi, halafu kalenda, halafu mimi.

Mnunuzi


15 Machi

Kaka Dereva,

Dada Mkunga amepokea ombi langu vizuri. Anasema kusaini hakuna shida. Amezikumbuka zile siku za paneli kwa kirefu sana, mpaka na fundi amemtaja. Anasema, nanukuu: “Zile za mbele zilipendeza, watu walikuwa wanapita wanaona.” Kuhusu ngazi, yuko tayari kuyaacha yote nyuma kwa neno dogo tu kutoka kwako. Neno lenyewe ni fupi kama kibao cha barabarani.

Mnunuzi


20 Machi

Mdogo wangu,

Amesema “tafadhali”? Dereva? Mwangalie vizuri, isije ikawa anaumwa na hasemi. Baba yake alianza hivyo hivyo kwa kuwa mpole, haikupita muda tukamzika.

Barua yako nimeisoma mara mbili zamu ya asubuhi na mara moja nikisubiri mama mmoja asukume. Wenzangu wakaniuliza nacheka nini.

Lakini usifikiri nimelainika. Ngazi bado iko palepale. Mwulize pia kama anakula vizuri huko aliko, maana jikoni alikuwa anajua kuchemsha maji tu, na hata kwa hayo alikuwa anaunguza sufuria.

Mkunga


21 Machi

Bwana Mnunuzi,

Eti zilipendeza? Alisema hivyo mwenyewe kwa mkono wake? Miaka yote niliyokaa naye alikuwa anasema zimekaa kama meno ya bandia.

Nimekwenda kunyoa ndevu. Hazihusiani na barua.

Kuhusu hilo neno fupi, mimi si mtu wa maneno. Mwambie ngazi ninayo bado. Iko hapa, nimeiegemeza ukutani nje. Sijui kwa nini niliibeba siku ya kuhama. Mwambie hilo tu.

Dereva


24 Machi

Dada Mkunga,

Kaka Dereva anakula, asante kwa kumuulizia, na amenyoa ndevu. Kuhusu ngazi, sasa nasema kwa niaba yake, kwa kuwa yeye si mtu wa maneno: pole. Anasema jambo lile linamuuma. Anasema kila akiiona ile ngazi nje ya nyumba yake anakukumbuka wewe juu ya bati na ndoo yako, na moyo unamwenda mbio. “Nilikosa,” anasema, “na ningekuwa na lori leo ningeirudisha.”

Hapo nadhani tumefika dada yangu. Kilichobaki ni karatasi moja na kalamu moja. Kalamu naweza kuleta mimi.

Mnunuzi


6 Aprili

Mdogo wangu,

Kaa chini kabla hujasoma.

Amekuja. Jumamosi asubuhi natoka zamu namkuta getini, ndevu hana, shati jeupe, ngazi begani. Ameisafirisha na basi. Kondakta alimtoza nauli ya watu wawili. Akaiegemeza ukutani kwangu, akakaa kwenye kibaraza. Nikampa chai. Akanywa. Nikamwambia, “Nimepata salamu zako.” Akasema, “Na mimi zako.” Tukakaa hivyo mpaka saa sita.

Nikufupishie: tunarudiana. Usicheke. Watu wa umri wetu wakirudiana hawapigi ngoma, wanatafuta paa. Nimepata nyumba ndogo nyuma ya zahanati. Ina vyumba viwili, naweza kupokea na kuzalisha hapo hapo, ila umeme hauna maana. Sasa Dereva kasema jambo la akili, la kwanza tangu nimjue: paneli zetu tunazo! Mkataba wako haukuzitaja, na ofisi yenyewe imeandika ni zetu. Fundi anakuja kwako tarehe 25 kuziteremsha. Safari hii zote nane zitakaa nyuma, amekubali mwenyewe bila kusukumwa.

Haya yote ni kwa sababu yako. Bila barua zako nzuri tusingefika hapa. Mungu akubariki, na mke wako msalimie sana.

Mkunga

Mimi nimesoma. Ni sawa. Ngazi tunayo, fundi asibebe yake. Dereva


9 Aprili

Dada Mkunga na Kaka Dereva,

Hongereni. Nimefurahi kutoka moyoni, nawaambia ukweli, na nimefurahi huku nimekaa kama mlivyoagiza.

Lakini jamani, paneli! Ninyi ni watu wazima wenye huruma. Mmoja amepokea nusu ya watoto wa mji huu kwa mikono yake, mwingine ameleta nusu ya mizigo yake. Nawaomba mfikirie mayai ya mke wangu. Ameshapokea trei za watu wa mtaa wa pili, na mama mmoja ameleta mayai ya bata akisema yasipoanguliwa atanichukua mimi badala yake. Mimi kwenye nyumba hii sina nguvu ya kutosha hata kupasha chai. Je, hatuwezi kupatana? Chukueni za mbele, niachieni za nyuma. Au chukueni tangi. Chukueni kamba ya kuanikia nguo, ile imo kwenye mkataba na nitaifuta mwenyewe kwa kalamu nyekundu.

Kwa heshima nyingi, na kwa magoti,
Mnunuzi

Shemeji zangu, mimi ndiye mke wake. Ananipa barua zake nizipeleke posta, na hii nimeifungua, kama nilivyozifungua zile nyingine, kabla ya gundi kukauka. Mume wangu hajawaambia yote. Huyu mtu hawezi kuona sentensi ya mwenzake akaiacha ilivyo. Hata orodha yangu ya sokoni ananirudishia ikiwa na “tafadhali”. Kaeni mezani, kila mmoja atoe barua alizopokea, mwulizane nani alisema “moyo mkunjufu” na nani alisema zilipendeza. Nawatakia mema, lakini bora mwachane tena kuliko mayai yangu yapoe. Mke wa Mnunuzi.


14 Aprili

Bwana Msahihishaji,

Tumekaa mezani. Tumetoa barua. Mimi Dereva ndiye ninayeandika, mwenzangu yuko hapa pembeni ananiambia niandike kwa nguvu zaidi.

Wewe ni mtu wa hovyo. Mimi sikuwahi kusema “tafadhali” kwa mtu yeyote isipokuwa trafiki. Moyo wangu haujawahi kwenda mbio kwa sababu ya ngazi. Na huyu hapa anaapa kwamba paneli za mbele hazikumpendeza hata siku moja, anasema bado ni meno ya bandia. Umetufanya watoto. Nimepanda basi na ngazi, watu wananipiga picha, kwa ajili ya maneno ya mwenye upara mmoja.

(Hapa naandika mimi, Mkunga. Nilikuambia umsaidie. Sikukuambia umgeuze. Mzembe mkubwa wee! Ulinitoa machozi zamu ya usiku kwa “nilikosa” ya uongo.)

Tangu tuoane hatujakubaliana kitu. Rangi ya mlango hatukukubaliana, paa hatukukubaliana, hata siku ya kuachana tuligombea tarehe. Leo tumekubaliana kwamba wewe ni mwongo, mchokonozi, na hufai kukabidhiwa kalamu.

Sasa sikiliza. Hizo paneli zako, nne za mbele na nne za nyuma, na hiyo betri, na hiyo mita, hatuzitaki tena. Tukiziweka juu ya nyumba yetu kila jua likiwaka tutaona mwandiko wako. Si zetu. Ni zako wewe, kaa nazo, ziangalie, zikuaibishe. Fundi tumemwambia asije. Tutanunua zetu mpya.

Usituandikie tena.

Dereva

(Na mimi nasaini. Usidhani mpango wetu umevunjika, usije ukaanza kujuta kwa kurasa nne. Tulipomaliza kukutukana akanitazama akasema, “Ile ngazi. Pole bwana.” Bwana, eti! Kama anaongea na fundi wa tairi. Hapo ndipo nilipoamini, maana hilo huwezi kuwa umeliandika wewe. Mkunga)


16 Aprili

Kwa Afisa wa Dawati la Mita,

Ndugu Afisa,

Naambatanisha barua moja, yenye tarehe, iliyosainiwa na wamiliki wote wawili kwenye ukurasa mmoja, mbele na nyuma ya karatasi hiyo hiyo, wakisema wazi kwamba paneli si zao tena bali ni zangu. Utaona wamesema hivyo kwa msisitizo.

Naomba radhi kwa lugha yake. Nilichukua kalamu niipunguze makali kidogo kabla ya kuileta, mke wangu akaninyang’anya. Anaipeleka posta mwenyewe ikiwa kama ilivyoandikwa.

Mteja wako,
Mnunuzi


OFISI YA UMEME, DAWATI LA MITA
23 Aprili

Ndugu Mteja,

YAH: PANELI ZA SOLA JUU YA NYUMBA YAKO

Barua ya wamiliki wa zamani tumeipokea na kuikagua. Ina tarehe, ina saini mbili, sehemu ya mbele na ya nyuma zimehesabiwa kuwa ukurasa mmoja, na inataja paneli, betri na mita kwa majina. Kuanzia leo mtambo wote umeandikwa kwa jina lako, na fundi wetu hatakuja. Mkeo ameulizia dirishani kama anaweza kuongeza mashine ya pili. Tumemwambia aandike.

Ofisi inakupongeza kwa ushirikiano ulioupata kwa wamiliki hao, ambao sisi tulishindwa kuupata.

Matusi yaliyomo kwenye barua hayaathiri uhalali wake. Utaratibu wetu unataka maelezo yoyote yanayomhusu mteja yasomwe na maafisa watatu ili kama kuna lisilo la kweli lifutwe kabla ya kuingia kwenye faili. Maafisa watatu wameyasoma. Hakuna aliyepinga hata moja.

Afisa wa Dawati la Mita